Ngazi nne za ukumbi zimenitoa kwenye mikutano ya mtaa

Wanajamvi, assalaam aleikum.

Huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye kiti mwendo, naishi Ngamiani hapa Tanga, na naandika kwa sababu yamenifika shingoni.

Mikutano ya mtaa wetu hufanyika katika ukumbi wenye ngazi nne. Mara tatu nimebebwa na vijana, wawili huku na wawili kule, shati limepanda mgongoni mbele ya mkwe wangu, nikawekwa pembeni kama gunia la nazi, na mkutano ulipofungwa kila mtu akashika njia yake nami nikabaki nikimsubiri atakayenikumbuka. Mara ya nne sikwenda. Nilipouliza baadaye kwa nini mchango wa taka umepandishwa, nikajibiwa, "Kwani wewe huwa unakuja mkutanoni?"

Nililalamika, wakajenga njia ya mteremko, nami nikaenda kuipima kwa utepe wa fundi. Sakafu ya ukumbi iko sentimita 60 juu ya ardhi. Kwa kipimo kinachotumika kwa kawaida, yaani sentimita 12 za kwenda mbele kwa kila moja ya kupanda, njia ilipaswa kuwa na urefu wa mita 7.2. Yao haifiki mita mbili, tena inaishia kwenye mtaro usio na mfuniko. Hiyo inafaa kuteremshia mapipa. Nikiipanda peke yangu, kiti kinarudi chali.

Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, na mwaka mmoja kabla yake nchi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa unaotamka bayana kwamba ulemavu hutokana pia na vizuizi vya mazingira na vya mitazamo ya watu. Kwa lugha ya barazani: miguu ilinitoa kwenye mpira, lakini mkutanoni nimetolewa na ngazi.

Na asije mtu kuniambia vijana wa kubeba wapo. Nawashukuru sana, ila mtu aliyebebwa kuingia hawezi kusimamia hoja ya kumuudhi mwenyekiti huku akijua bado anahitaji kubebwa kutoka.

Mkutano ujao ni Jumamosi. Nimependekeza kwa barua ufanyike uani, chini ya mwarobaini, ambako hakuna gharama yoyote. Sijajibiwa. Aliyewahi kufanikiwa kubomolewa njia mbovu namna hii akajengewa inayopitika, naomba anieleze malalamiko yake aliyafikisha kwa nani.