Mtu-fisi wangu anachekwa. Nimbadilishe awe chui?

Fundi_Vioo, Ngamiani

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi simu hapa Tanga. Mchana nabadilisha vioo, usiku nachora. Mwaka wa pili huu nachora manga yangu mwenyewe, nimefika ukurasa wa 48, na nimekwama ukurasa wa 9. Najua hesabu hiyo haieleweki. Ngojeni.

Kwa asiyejua, manga ni vibonzo vya Kijapani, wino mweusi kwenye karatasi nyeupe basi, na kitabu kinaanzia kulia. Hilo la kulia halijanisumbua hata siku moja. Nimekaa chuoni na juzuu miaka sita, vidole vyenyewe vinafungua upande huo.

Hadithi yangu iko hivi. Kuna mji umezungukwa na mkonge pande zote. Ndani wanakaa watu. Nje, kambini, wanakaa watu-wanyama waliofukuzwa: fisi, bundi, popo, kinyonga. Wanakata majani, wanalisha korona usiku kucha (korona ile mashine ya kukamua katani, si ugonjwa), na hakuna mwenye jina, kila mmoja ana namba. Hilo sikulitoa Japani. Babu yangu mzaa mama alikuja Tanga kama manamba, na mpaka anakufa namba yake ya shambani aliikumbuka haraka kuliko mwaka wake wa kuzaliwa.

Kijana wangu ni namba 217, jina alilopewa na mama yake ni Mashaka. Mama mtu, baba fisi. Mwanzoni nilimchora mbwa mwitu wa nchi za theluji, manyoya mpaka magotini, macho ya rangi ya barafu. Dada yangu akamtazama akaniuliza, "Huyu mwezi wa pili hapa Tanga anaponaje?" Nikamchana, nikaweka fisi.

Sasa ukurasa wa 9. Mama yake Mashaka amekufa, watu wa mjini wamemzika mchana, yeye hakuruhusiwa hata kushika jeneza. Usiku anakuja, anasimama nje ya ukuta wa makaburi. Haingii. Nilipouchora huo nilikuwa peke yangu, umeme umekatika, na sioni haya kusema nililia.

Nikawapa jamaa zangu watatu pale dukani nakala za fotokopi. Walipofika ukurasa wa 9 wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Huyu kaja kuzika au kaja kula?" Wakacheka mpaka mteja akauliza kuna nini.

Swali langu: nimbadilishe awe chui? Chui anaogopwa lakini anaheshimiwa. Au mnisaidie fisi huyu afanywe nini ili mtu amhurumie. Na la pili, fotokopi inanitolea usiku wangu kijivu chenye mistari, kama shati la mgonjwa.

Mzee_wa_Kasi

Weka chui mkuu. Fisi hauziki. Mtoto wa Kiswahili akiona fisi anajua hapa kuna mlafi ataadhiriwa mwisho wa hadithi. Ukipigana na hiyo unapigana na bibi za watu wote.

Fundi_Vioo

Chui katengwa na nani lakini? Ngozi yake wanavaa machifu.

Mwl_Mstaafu, Raskazone

Mwanangu Fundi, nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka thelathini na mbili, vibonzo vyako sivijui, ila fisi namjua.

Kila mwaka nilikuwa nasimulia kisa cha njia mbili. Fisi ana njaa, anafuata harufu ya nyama, anafika njia panda, harufu iko kulia na harufu iko kushoto. Mguu huu huku, mguu huu kule, anakwenda hivyo hivyo mpaka anapasuka msamba. Ndiyo maana twasema njia mbili zilimshinda fisi. Darasa zima hucheka, na mimi nilikuwa nacheka nao, maana napasua miguu mbele ya ubao. Mwaka mmoja kulikuwa na mtoto amekaa nyuma, wazazi wameachana, wiki kwa baba, wiki kwa mama. Hakucheka. Akanyoosha mkono akasema, "Kwa hiyo mwalimu, alikuwa na njaa tu."

Sikuwa na jibu. Niliwaambia watoe madaftari.

Huyo Mashaka wako ni nusu mtu, nusu fisi, mji huku, kambi kule. Kisa chake kiko tayari, umekikalia. Wala usihangaike kuwazuia watu wasicheke. Watie hao wanaocheka ndani ya picha. Walioshika majembe na wacheke. Msomaji acheke nao, halafu akifungua ukurasa unaofuata akute nini? Hiyo ni kazi yako, si yangu.

Jambo lingine. Wewe unaagiza giza kutoka Japani na hapo Machui, ukishika njia ya Pangani, alizaliwa mtu mwaka 1909 aliyekwishaandika giza hilo. *Adili na Nduguze* umeisoma au ulisoma muhtasari wa mtihani? Adili ana manyani wawili. Kila usiku anawachapa mjeledi, na anawachapa huku analia, kisha anawalisha kwa heshima, maana manyani hao ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini wakageuzwa na jini. Kisa cha namna hiyo kimo katika Alfu Lela Ulela, na huko ndugu ni mbwa. Shaaban Robert akawafanya manyani. Nimewaza mara nyingi kwa nini. Labda kwa sababu nyani ana mikono, akichapwa anajikinga kama mtu.

Lakini angalia tofauti. Wale waligeuzwa kwa kosa walilotenda. Wako kazaliwa hivyo. Kosa la nani basi anachapwa? Ukijibu hilo, chui hutamhitaji.

Mzee_wa_Kasi

Shikamoo mwalimu. Nafuta neno langu la chui, ila kwenye kuuza nabaki palepale.

Wino_Tii, Makorora

Mimi nachora mabango na namba za daladala, kwa hiyo naongelea mkono tu, hayo ya moyo kayamaliza mwalimu.

Fotokopi ya mtaani haiwezi kumeza eneo kubwa jeusi. Usijaze. Piga mistari myembamba iliyokaribiana, ipishane, acha nyufa nyeupe ndogo. Macho yatajaza yenyewe. Wajapani wana karatasi za kubandika zenye vidoto kwa ajili ya kijivu, hapa hupati. Chukua kipande cha gunia la katani, chovya wino kidogo sana, futia kwanza kwenye gazeti, kisha gonga. Kinatoka kivuli chenye nyuzinyuzi. Na hadithi yenyewe ni ya mkonge, kwa hiyo mkonge unajichora.

Viputo vyako vya maneno vimenikera. Umeviiga virefu vyembamba. Mjapani anavifanya hivyo kwa sababu maandishi yake yanashuka kutoka juu kwenda chini. Sisi tuna "hawakuniruhusu", herufi kumi na nne kwa neno moja, na umelikata mara tatu kama mua. Panua viputo au fupisha maneno.

Na sauti. Umejaza milio ya vibonzo vya Kizungu, kwa nini? Jiwe likitumbukia majini ni CHUBWI. Kijiti ni KACHA. Mtu aliyelala ni FOFOFO. Giza ni TII. Wajapani wana mpaka mlio wa ukimya, wanauandika "shiin" katikati ya picha tupu. Na sisi tunao: kimya JI. Liandike JI kubwa, jembamba, pale juu ya ukuta wa makaburi. Huo ukurasa wa 9 una maneno mengi mno.

Popo_wa_Kiomoni

Mimi nimekuja kudai haki ya popo tu. Umemtaja mara moja ukamwacha! Popo ndiye mtengwa wa kwanza. Ndege walipopigana na wanyama yeye akawa huku, wakizidiwa yuko kule, vita ilipoisha wote wakamkataa, ndiyo maana hatoki mchana. Njoo Amboni jioni, kama kilomita nane tu toka mjini, usimame mdomoni mwa pango jua likizama uone wanavyotoka. Humo watu wanaacha ubani na vitambaa vya mizimu, na miaka ya 1950 Osale Otango na Paulo Hamisi walijificha humo wakisakwa na mkoloni. Pango la waliokataliwa lipo, una baiskeli, unachora pango la kwenye simu.

Msoma_Daftari

Nina mchango mmoja wa historia, maana watu wengi wanadhani hawa watu-wanyama wa Kijapani ni ndoto tu. Japani yenyewe ilikuwa na watengwa wake. Enzi za watawala wa Tokugawa, waliochuna wanyama waliokufa na kutengeneza ngozi walihesabiwa najisi, wakawekwa vijiji vyao peke yao, na watoto wao wakarithi unajisi huo. Wanaitwa burakumin. Amri ya mwaka 1871 ililifuta tabaka hilo kisheria. Lakini kwenye madaftari ya ukoo mtu aliweza kufuatilia umetoka kijiji gani, na mwaka 1975 ikafichuka kwamba makampuni yalikuwa yananunua orodha za vijiji hivyo ili yajue nani asiajiriwe.

Kwa hiyo Fundi, hizo namba zako ni kubwa kuliko ulivyozitumia. Nani anashika daftari la namba kambini? Huyo ndiye adui yako, na huenda hana hata meno.

Saadani_Zamani

Nimechelewa, nilikuwa baharini. Nimelinda kambi ya watalii Saadani miaka minne, fisi nimewasikia kuliko redio. Mawili tu.

La kwanza, kile mnachoita kicheko cha fisi si furaha. Fisi mwenye madoa akiwa ametulia hana mlio huo. Akiita wenzake wa mbali anatoa sauti ndefu inayopanda mwishoni, uuuu-WIP. Kile cha hi-hi-hi-hi anakitoa akifukuzwa, akiumwa na wenzake, akinyang'anywa nyama yake. Usiku ukikisikia ujue kuna mmoja anaonewa.

La pili, kwa fisi mkubwa ni jike. Jike ni zito kuliko dume, na jike ndilo linaloongoza. Dume la mwisho kula, dume la kufukuzwa. Umeweka baba fisi na mama mtu. Umewapindua.

Fundi_Vioo

Mwalimu shikamoo, na wakuu wote. Sikujibu siku kumi na moja kwa sababu ya huyu wa Saadani. Nilisoma ujumbe wake nikiwa na simu ya mtu imefunguliwa mezani, nikapoteza skrubu mbili.

Nimewapindua. Mama ndiye fisi sasa, mkubwa wa kambi, mabega mapana kuliko mlango, hata msimamizi anamsemesha kwa kurudi nyuma hatua moja. Baba ndiye mtu wa mjini, na ndiye aliyekufa. Hii imenivunjia kurasa 31, nimezihesabu. Nimezifunga kamba nikaziweka chini ya godoro, sina moyo wa kuzichoma.

Ukurasa wa 9 nimeuchora mara saba. Sasa wazikaji wamo, wamemaliza, wanapangusa majembe, na mmoja anatamka neno lilelile la jamaa yangu, kaja kuzika au kaja kula. Wanacheka. Mashaka yuko nje ya ukuta, mgongo tu. Kiputo chake hakina neno hata moja. Funua: uso wake, mdomo wazi, machozi hakuna, na HI-HI-HI-HI imejaa kutoka kingo hadi kingo, nimeigonga kwa gunia mpaka kidole kimebaki cheusi. Anataka kulia, na hicho ndicho koo lake linachoweza. Ukutani wale wanaume wamegeuka. Wamesikia mtoto anacheka kwenye kaburi la baba yake. Chini kabisa, JI.

Wino_Tii, viputo nimepanua. Kulia kwenda kushoto sibadilishi, utanisamehe. Popo, Jumapili nilikuja pangoni, nikachorea kwenye goti, mmoja kaninyea karatasi na nimeliacha doa. Msoma_Daftari, mshika daftari nimempata: kijana mpole, miwani, mwandiko mzuri sana, anawauliza watoto wa kambini hali zao. Bado ananiogopesha mwenyewe.

Jana nikampa ukurasa ule jamaa yangu yuleyule. Akasoma neno lake mwenyewe akacheka, "Hii si nimesema mimi!" Akafunua. Akakaa kidogo. Akaniuliza, "Sasa huyu anacheka nini?" Sikumjibu. Akautazama tena, akasema, "Ukurasa wa 11 uko wapi?"

Sijauchora. Nina vioo vitatu vya kumaliza kabla ya magharibi.