"Inafanya kazi" kwenye OpenBSD: mlirekodi, au mlisikiliza wimbo mmoja mkaondoka?

Wakuu, nimeingia na hasira na sina nia ya kuipunguza. Wiki ya tatu hii nahangaika na kadi za sauti za USB kwenye mfumo endeshi wa OpenBSD, na kilichonichosha si mfumo. Ni sisi wenyewe, na tabia yetu ya kuandika "inafanya kazi" kisha aliyeandika haonekani tena.

Ilivyokuwa ni hivi. Nataka kurekodi sauti yangu na gitaa, chaneli mbili, basi. Nikatafuta aliyewahi kutumia kadi niliyokuwa naitamani. Nikakuta mwenzetu kaandika kwamba kaichomeka tu, hakugusa chochote, na kutoa sauti na kurekodi vyote viko safi kabisa. Nikamwamini, nikanunua. Kutoa sauti, kweli inatoa. Nikaunganisha maiki, nikawasha ile volti 48 ya kuipa maiki umeme, nikaandika aucat -o jaribio.wav (aucat ndiyo programu ya mfumo ya kucheza na kurekodi), nikaimba weee, nikasikiliza. Kimya. Faili lina urefu wake wote, dakika mbili na ushei, na ndani yake hamna hata mkwaruzo. Nikabadilisha kebo. Nikabadilisha maiki. Nikahamia tundu jingine la USB, nikawasha upya mashine. Jioni mbili zikaishia hapo, mpaka nilipokaa kusoma kurasa za man, yaani mwongozo wa mfumo, na kukutana na kern.audio.record.

Damu ikanichemka. Tangu toleo la 6.4 la mwaka 2018, OpenBSD inakuja na swichi hiyo ikiwa 0, na ikiwa 0 kila programu inayojaribu kurekodi inapewa ukimya mtupu. Ni ulinzi, ili usisikilizwe bila kujua, na uamuzi huo nauunga mkono kwa mikono miwili. Ila sasa mtu ambaye "hakugusa chochote" alirekodi vipi? Hakurekodi. Alicheza wimbo, akausikia kwenye hedifoni, akaongeza neno "kurekodi" kwa sababu kadi ina tundu la maiki. Au aliiwasha swichi siku nyingi nyuma akasahau, na hata hivyo mimi niliyemfuata nimepoteza jioni mbili kwa neno lake.

Haya, nikaweka sysctl kern.audio.record=1, sauti ikaingia. Nikafurahi kwa dakika tatu. Tak. Mkwaruzo mmoja mkali katikati ya wimbo. Nikaendelea, ukaja mwingine. Nilipolifungua faili na kupima, mikwaruzo ilikuwa inapishana kwa dakika tatu na sekunde kadhaa, kila mara vilevile.

Hapa nataka tuelewane vizuri, kwa sababu ndipo majaribio ya sekunde kumi yanapotudanganya. Kadi nyingi za kurekodia zinatembea na saa zake zenyewe za kupangia mwendo wa sauti, haziifuati saa ya kompyuta. Kwenye dmesg, orodha ya ujumbe wa mfumo kuhusu vifaa, utaliona neno async. Hizi saa mbili haziwezi kulingana kabisa, kwa hiyo kadi inatakiwa iiambie kompyuta kila mara: ongeza kidogo, punguza kidogo. Mazungumzo hayo yakiharibika, upande wowote uwe wenye kosa, bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri zamu) inajaa au inakauka polepole. Fanyeni hesabu. Saa zikitofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, kwa 48 kHz, yaani sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, hiyo ni tofauti ya sampuli 2.4 kila sekunde. Bafa ya sampuli 480 inakwisha baada ya sekunde 200. Dakika tatu na sekunde ishirini! Aliyesikiliza nusu ya wimbo hawezi kuuona ugonjwa huu hata awe na masikio ya dhahabu. Anaandika "safi kabisa", na kwa sekunde alizosikiliza ilikuwa safi kweli. Mimi narekodi saa nzima.

Na kuna hili la 44.1 kHz, ambalo sijaona mtu analitaja. Kwenye USB ya kasi ya megabiti 12, pakiti inakwenda kila milisekunde moja. Kwa 48 kHz kila pakiti inabeba sampuli 48, hesabu imekaa sawa. Kwa 44.1 pakiti tisa zinabeba 44 na ya kumi inabeba 45. Kadi iliyotengenezwa kwa kulipua inaweza kujikwaa hapohapo. sndiod, huduma ya mfumo inayopitisha sauti kwenda kwenye kadi, isipobadilishwa inatumia 48000, kwa hiyo wengi wenu hamjawahi kuijaribu kadi yenyewe kwa 44.1 hata siku moja, ingawa wimbo mliocheza ulikuwa wa 44.1.

Watengenezaji nao siwaachi. Kadi ya pili niliyonunua ina jina lilelile na sura ileile na ile iliyosifiwa, kilichoongezeka ni tarakimu ndogo chini ya kasha. Nikaichomeka, ikajitambulisha kama diski ya kuhifadhia faili. Diski! Ndani yake kuna kiungo cha kwenda kujisajili. Inabidi ubonyeze kitufe cha volti 48 kwa sekunde tano ndipo ikubali kuwa kadi ya sauti, na maelezo hayo hayako popote kwenye boksi. Ya tatu nayo ilitokea kwenye dmesg kama ugen0, yaani keneli (kiini cha mfumo) imekiona kifaa lakini hakuna draiva, programu ya kukiendesha, iliyokidai, kwa sababu mtengenezaji hakufuata kiwango cha sauti cha USB. Kaweka namba ya daraja 255, lugha yake mwenyewe, na draiva anatoa kwa mifumo miwili mikubwa tu. Huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo sifa ya kadi bila toleo la kadi haina faida. Sifa bila toleo la mfumo pia, maana viwango vya USB vya sauti, cha kwanza cha 1998 na cha pili cha 2006, vyote viwili viko hai madukani, na uaudio, draiva ya OpenBSD ya kadi hizi, ilianza kuelewa kile cha pili kwenye 6.5, mwaka 2019. Maoni ya kabla ya hapo yanazungumzia draiva nyingine kabisa, lakini bado mnayarudia.

Kinachoniuma ni kwamba ukweli uko kwenye mstari mmoja. Chomeka kadi, andika dmesg, utaona kitu kama hiki:

uaudio0: class v2, high-speed, async, channels: 2 play, 2 rec, 5 ctls

Mstari huo unaniambia kiwango, kasi, saa, chaneli zinazotoka na zinazoingia. Kuunakili na kuubandika ni kazi ya sekunde ishirini. Halafu chukua kebo fupi, unganisha tundu la kutolea sauti na la kuingizia kwenye kadi hiyohiyo, cheza mlio mmoja na urekodi kwa pamoja, aucat -i mlio.wav -o jibu.wav, uache nusu saa ukafanye shughuli zako. Ukirudi, fungua faili uangalie. Mkwaruzo ukiwepo utauona kwa macho, mstari umekatika.

Mimi jaribio hilo nimelifanya kwa ile kadi ya kwanza mara nne: moja kwa moja kwenye mashine mara mbili, kupitia habu mara mbili. Mikwaruzo ilikuwepo zote nne, kwa hiyo habu haihusiki, na asije mtu kuniambia nibadilishe kebo. Ile ya pili, baada ya kuitoa kwenye udiski wake, ndiyo inaendelea usiku huu, kwa 48 na kisha kwa 44.1. Kesho nitabandika dmesg nzima na matokeo, yakiwa mabaya au mazuri.

Na wewe uliyeandika "sikugusa chochote", kama uko humu, naomba jambo moja tu: andika sysctl kern.audio.record kwenye mashine yako, utubandikie inachojibu.