Mjadala: Huzuni ya Al-Inkishafi imo katika maana au katika sauti?

Mwenzetu aliyeanzisha mjadala huu anashikilia kwamba Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19 kuhusu kuanguka kwa Pate, mji uliokuwa wa kitajiri katika visiwa vya Lamu, unahuzunisha kwa habari yake peke yake: matajiri wamekufa, majumba yamekuwa magofu, basi. Vina na mizani, anasema, ni pambo ambalo mtu angeweza kuliondoa na majonzi yakabaki vilevile. Ugomvi huu unafanana na ule wa miaka ya 1970, wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, walipobishana na akina Euphrase Kezilahabi, watunzi wa mashairi huru, kuhusu uti wa mgongo wa shairi, na katika ugomvi ule mimi si mwanamapokeo. Hata hivyo, kwa utungo huu nampinga.

Tutazame beti zenyewe. Mshairi anapoisifu Pate ya enzi zake husema:

Nyumba zao mbake zikinawiri
Kwa taa za kowa na za sufuri

Yaani nyumba zao zilimeremeta kwa taa. Baadaye, magofu yanapofika zamu yake, tunasikia:

Nyumba zao mbake ziwele tame;
Makinda ya popo iyu wengeme.

Ukihesabu utapata mizani sita, pumziko dogo, kisha mizani tano, katika mistari yote minne. Zile sita za kufungulia ubeti ni zilezile, herufi kwa herufi, kiasi kwamba msikilizaji anayeukumbuka ubeti wa taa anajiandaa kuziona taa tena, halafu katika mizani tano zilizosalia anapewa ukiwa na makinda ya popo yanayoning'inia juu. Habari ya kifo cha Pate angeweza kuipata popote. Pigo hilo la kudanganywa na sikio lake mwenyewe hulipata hapa tu.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo ninalolithamini zaidi. Mistari mitatu ya kila ubeti ina kina chake, lakini wa nne hurudi daima kwenye «-ye»: iwazingiye, walitandiye, waikaliye. Mara nyingi katika Kiamu, lahaja ya Lamu inayotumika humu, hicho ni kiishio cha kitenzi cha jambo lililokwisha kutendeka. Kwa hiyo kina kinachofunga ubeti wa fahari («Haiba na jaha iwazingiye») ndicho kinachofunga ubeti wa buibui («Zitanda matandu walitandiye»), na mtu akisomewa kwa mahadhi huanza kuisikia hasara hata pale ambapo bado anaonyeshwa utajiri.

Nakubali hoja moja ya mwenzetu, na si ndogo. Kama mizani ileile inabeba fahari na inabeba ukiwa, mizani yenyewe haina kilio. Ni kweli. Walimu wanaowataka wanafunzi wataje idadi ya mizani na aina ya vina, kisha wakaishia hapo, wanafundisha kuhesabu tu. Huzuni inatokana na kwamba mdundo haukubadilika ilhali kila kitu kingine kimebadilika.

Sauti ndogondogo nazo zinafanya kazi yake. Madaka ya ukutani, yale ambayo mpaka leo mtu anayaona katika nyumba za kale za Lamu, yalikuwa ya kupangia sahani. Katika utungo wamelala humo wana wa ndege, na chini yao «Bumu hukoroma kati nyumbani». Mstari unaanza na irabu nzito za «u» na «o», kama mlio wa ndege huyo kwenye chumba kitupu. Tuuandike kwa Kiswahili cha kawaida: «Bundi anakoroma ndani ya nyumba.» Habari haikupungua hata chembe. Namwomba mwenzetu aisome mistari hiyo miwili kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kisha atueleze ni upi kati ya hiyo ulio na nyumba tupu ndani yake.