Bunduki za bolti za zamani: zina shabaha kweli, au ni mapenzi ya wazee tu?

Kijana wa Chamwino

Wakuu, habari za jioni. Wazee wangu, shikamooni.

Marehemu baba aliacha bunduki ya kuwindia ya bolti (ile fimbo ya chuma unayoivuta na kuisukuma kwa mkono kuingiza risasi), BRNO ZKK 600 ya Chekoslovakia, kaliba .30-06, aliyoinunua miaka ya sabini akiwa mtumishi wa serikali. Mambo ya mirathi na polisi yalichukua muda, ila sasa leseni iko kwa jina langu na bunduki imefungiwa kwenye sanduku la chuma. Kitako ni cha mbao ya mjozi, kimeng'aa pale alipokuwa akiegemeza shavu.

Tatizo ni hili. Nikienda uwanja wa shabaha, risasi ya kwanza inakaa karibu kabisa na nilipolenga. Ya pili inapanda kidogo, zinazofuata zinazidi kwenda juu kulia. Tena mwezi wa pili, mvua zilipokolea, hata ile ya kwanza ilihama. Binamu yangu ana bunduki mpya ya kitako cha plastiki na darubini, na kwa mita 100 risasi zake tatu unazifunika kwa sarafu ya shilingi mia mbili. Anasema niiuze hii ya baba, kwamba za zamani zinapendwa kwa historia tu. Mnasemaje?

Bolti Nyeusi

Mkuu, binamu yuko sahihi. Siku hizi mtutu unafuliwa kwa mashine, unaachwa huru bila kugusana na kitako, na viwanda vingine vinakupa dhamana ya kundi la sentimita 3 kwa mita 100, yaani matundu ya risasi zote yanakaa ndani ya upana huo. Plastiki haivimbi kwa mvua. Mimi naheshimu za zamani, lakini tukizungumzia shabaha tuzungumze vipimo.

Mzee wa Manyoni

Marahaba mwanangu, na pole ya baba. Usiiuze.

Mimi ni mstaafu wa wanyamapori. Rungwa, Kizigo na Muhesi nimezitembea kwa miguu mpaka nywele zikageuka rangi, na bunduki za bolti za kila namna zimepita mikononi mwangu, mpya na kongwe. Kwa hiyo hili swali limenigusa.

Kwanza, mwindaji hahitaji kundi la risasi tano. Anapiga moja, mtutu ukiwa baridi, tangu alfajiri haujatoa moshi. Hiyo moja ikikaa pale ulipolenga, leo na kesho na mwezi ujao, hiyo ndiyo shabaha ya porini. Eneo la moyo na mapafu la swala pala ni kama sentimita 15 hivi, la tandala mkubwa ni zaidi. Na huku kwetu unampiga kwa umbali gani? Ingia vichaka vya Itigi uone. Vimefungamana hivi kwamba mnyama akiwa hatua arobaini unamsikia tu. Kwenye miombo ya Rungwa utapata nafasi ya mita 80, mita 100, mara chache 150. Wewe mwenyewe umeandika kwamba risasi ya kwanza inakaa. Mtutu wa baba yako ni mzima.

Kinachokusumbua ni mbao. Mbao hunywa maji. Huku mvua zetu ni Desemba mpaka Aprili, halafu miezi yote iliyobaki ni ukavu unaopasua hata milango. Mbao inavimba, inanywea, inavimba tena, na popote inapogusa mtutu inausukuma. Mtutu ukiwa baridi unastahimili. Ukishapata moto kwa risasi ya pili na ya tatu, unaanza kukimbia upande usio na kizuizi. Zako zinakwenda juu kulia, kwa hiyo nadhani mbao inabana chini upande wa kushoto.

Hakikisha hivi. Toa bolti, hakikisha chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) na magazini ni tupu. Chukua noti moja, ikunje mara moja, ipitishe kati ya mtutu na mbao kuanzia ncha ya mbele ya kitako kurudi nyuma. Itateleza, itateleza, halafu itakwama. Hapo ilipokwama weka alama kwa penseli. Usijikune mwenyewe kwa msasa, maana bunduki nyingine mbao imetengenezwa iushike mtutu kwa makusudi. Lee-Enfield namba 4 ya jeshi la Waingereza ni mojawapo, ukiilegeza umeiharibu. Peleka kwa fundi wa silaha mwenye leseni. Seremala hapana, hata awe hodari vipi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina mchezo kwenye jambo hilo.

Cha pili ni mdomo wa mtutu. Chukua kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, kizungushe taratibu kwenye ukingo wa ndani kabisa, pale mifereji inapoishia. Nyuzi za pamba zikinasa mahali pamoja, pana jeraha. Jeraha dogo pale mdomoni linaiyumbisha risasi kuliko mikwaruzo yote iliyoko katikati ya mtutu. Wazee wengi walisafisha kwa kuingiza ufito wa chuma kutokea mbele, na ule ufito ukasaga ukingo mwaka hadi mwaka. ZKK bolti inatoka yote, basi safisha kutokea nyuma.

Halafu risasi. Kama bado unatumia zile alizoacha baba kwenye kopo, ziache. Baruti iliyokaa kwenye joto la Dodoma miaka mingi haiwaki sawasawa.

Binamu asikuchanganye. Bunduki yake ni nzuri na sina neno nayo. Ila muulize risasi inaingiaje kwenye chemba.

Bolti Nyeusi

Mzee, inaingiaje kivipi? Si unasukuma bolti tu?

Mzee wa Manyoni

Ndiyo, lakini tazama kwa karibu. Kwenye Mauser 98 ya Kijerumani, na hiyo ZKK imefuata mfumo ule, ubavuni mwa bolti kuna kucha ndefu ya chuma. Risasi inapopanda kutoka kwenye magazini, ukingo wa ganda unateleza chini ya ile kucha kabla haijafika hata nusu ya safari. Kuanzia hapo bolti imeishika. Ukisita katikati ukairudisha nyuma, risasi inatoka nayo. Bunduki nyingi za kisasa zinaisukuma risasi ikiwa huru mpaka bolti ifunge. Uwanjani huoni tofauti. Sasa nyati aliyejeruhiwa anakuja, mtu anavuta bolti nusu, anaisukuma tena, risasi ya pili inaigonga ya kwanza kwa nyuma na vyote vinakwama. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na aliyekuwa nyuma ya bunduki hakuwa mgeni wa kazi.

Winchester wa Marekani wenyewe yaliwakuta. Model 70 yao ilianza 1936 ikiwa na kucha. Mwaka 1964 wakaiondoa ili kupunguza gharama, na wateja hawakuwasamehe. Mpaka leo za kabla ya mwaka huo zinauzwa ghali kuliko ndugu zake. Kucha ikarudishwa miaka ya tisini.

Tahadhari moja: risasi ya kwanza ipitishe kwenye magazini. Usiidondoshe chemba kwa mkono ukaifungia bolti kwa nguvu, kucha inaweza kukatika.

Mrangi wa Kolo

Shikamoo mzee. Naomba niongeze la kwetu Kondoa, maana lina hatari ndani yake. Huku Wajerumani na jeshi la van Deventer, jenerali wa upande wa Waingereza, walipigana Mei 1916, na hadithi za Mauser hazijawahi kuisha vijijini. Mwenye bunduki ya zamani ya Kijerumani ya 8x57 ajue kwamba ziko mbili. Jeshi lao lilibadili risasi mwaka 1905: ya mwanzo kichwa chake ni kama milimita 8.08, ya baadaye ni 8.20 na ina nguvu zaidi. Ganda linafanana. Ukipiga ile nene kwenye mtutu mwembamba, presha inapanda mpaka pabaya. Na msiangalie mwaka wa bunduki peke yake, kwa sababu za kuwindia ziliendelea kutengenezwa kwa kipimo cha zamani muda mrefu baada ya hapo. Angalia kama imegongwa herufi S, na hata ukiiona, fundi aupime mtutu.

Mzee wa Manyoni

Marahaba. Umesema neno kubwa. Na wenye .303 za jeshi nao wasikie: risasi nyingi za zamani zilikuwa na fataki (kile kiwashio cha baruti) zinazoacha chumvi ndani ya mtutu. Mafuta peke yake hayaiondoi chumvi. Maji ya moto kwanza, kausha kabisa, ndipo mafuta. Mitutu mingi niliyoona imeliwa na kutu kama imetoboka vidonda, iliuawa na uvivu wa jioni moja.

Bolti Nyeusi

Nimekuelewa kwenye kucha, mzee. Lakini nguvu je? Watu wanasema wa zamani walipiga tembo kwa vikaliba vidogo. Si ndiyo mapenzi yenyewe hayo?

Mzee wa Manyoni

Unamsema Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja kule Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita. Ni kweli. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa .275 ya Rigby, ambayo ni Mauser 7x57 tu iliyopewa jina la Kiingereza. John Rigby wa London walikuwa wakichukua mitambo ya kiwanda cha Mauser cha Oberndorf, Ujerumani, na kuivalisha mitutu na vitako vyao. Mimi nimelinda tembo maisha yangu yote ya kazi, siwezi kuusifu uuaji ule. Ninachokuambia ni kwamba yule bwana alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi, na bunduki yake nyepesi haikumfanya afumbe macho kabla ya kufyatua. Kijana akiogopa teke la bunduki, hata mtutu wa kundi la sentimita 3 haumsaidii. Ila asiige mtu. Kwa nyati .375 ndiyo inaanzia, na kaliba hiyo Holland & Holland waliitoa 1912 na bado inafanya kazi ileile.

Hapo ndipo uzuri wa hizi za zamani ulipo kwangu. Ukiinua ZKK 600 macho yamefumbwa, ukayafumbua, saiti ziko mbele ya jicho. Uzito umekaa katikati ya mikono. Baba yako alichagua vizuri.

Kijana wa Chamwino

Mzee, nimerudi. Noti ilikwama upande wa kushoto, nyuma kidogo ya ncha ya mbao, kama ulivyosema. Fundi amepunguza pale kidogo sana, ameisugulia mbao mafuta ndani na nje, na kukaza skrubu za mbele na nyuma. Nimepiga risasi mpya za greni 180 (ndio uzito wa kichwa chake). Tatu za kwanza zimekaa kwenye sentimita 5 kwa mita 100, kwa saiti za chuma! Ya nne ilipanda, lakini si kama zamani. Binamu kainyamazia. Sasa nauliza: nikitaka darubini, fundi mwingine ananiambia lazima atoboe juu ya chemba afunge vikalio vya kuishikilia. Nikubali?

Mzee wa Manyoni

Usikubali! ZKK ina reli zake zilizochongwa juu ya chuma tangu kiwandani. Tafuta vikalio vya Brno vinavyobana kwenye hizo reli, hakuna tundu hata moja linalohitajika. Darubini ya mara nne inatosha kabisa, ifungwe chini iwezekanavyo, na hakikisha mkono wa bolti haugongani nayo ukiinuka.

Na kufuli ya usalama: nyingi za ZKK zinakwenda kinyume na bunduki nyingine, ukisukuma mbele imefunga, ukivuta nyuma iko tayari kupiga. Ijaribu ikiwa tupu, mpaka kidole kizoee, kabla hujaenda TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kuulizia kibali cha msimu.