Mjadala: Chombo kikizama, ni kadari au ni mkono wa mtu?

Ng'ambo2: Kila ikifika Septemba 10 neno ni lile lile: waliokufa kwenye meli ya Spice Islander mwaka 2011 siku zao zilifika. Haya, baharini mwanadamu ana hiari gani juu ya roho yake? Nauliza maana Wapemba na magunia yenu mnapanda hata chombo kikiwa kimeshalala upande.

MtuWaWete: Magunia yetu? Chombo kilikuwa kinatoka Unguja kuja Pemba. Kilipakiwa gatini kwenu, na kamba akaifungua baharia wa kwenu. Futa hilo neno.

Farumi: Gunia halina kosa, tazama limekaa wapi. Likiwa chini kabisa ni farumi, uzito wa chini unaokishika chombo kisipinduke. Likipandishwa sitaha ya juu chombo kinakuwa kizito kichwani, kikilala hakirudi. Na maji yakishaingia sitaha ya magari ndo basi: mita 40 kwa 10, kina cha sentimita 10 tu, hizo tani 40, na zote zinakimbilia upande ulioinama.

Abuu_S: Ajali haina kinga, sheikh. Skagit ya 2013 nayo magunia?

Farumi: 2012, Julai 18, karibu na Chumbe. Boti ya ghuba tulivu ya Seattle, Marekani, ile, ikaletwa kukabili upepo wa kusi. Kinga ilikuwa kuitazama bahari kabla ya kununua chombo.

Abuu_S: Angalia ulimi, unaikaribia kufuru.

BiKarafuu: Kufuru iko wapi? Si Mtume aliyesema mfunge ngamia kisha utawakali? Mstari wa mzigo, ule uliochorwa ubavuni mwa chombo kuonyesha mwisho wa kupakia, ndo kamba yenyewe. Mstari huo ukizama majini, hesabu ya watu ni bure.

MtuWaWete: Mnahubiri, na neno la magunia bado lipo pale juu.

Ng'ambo2: Mbona unaumia hivyo, umelibeba wewe?

BiKarafuu: Nyie endeleeni. Wanaosafiri wasome hili: jaketi la kuokolea usilivae ndani ya chumba kinachojaa maji, litakubandika darini na mlango uko chini. Shika mkononi, toka, ndo uvae na ukaze mikanda. Ukilazimika kuruka, likumbatie kwa nguvu, ama litapanda likupige kidevu. Majini usifukuzane na taa za Nungwi, mkondo utakumaliza. Kunja magoti, shikaneni.

Abuu_S: Na jaketi zikiwa zimefungiwa kabatini?

Farumi: Dumu tupu la lita 20 linaelea na karibu kilo 20. Kichwa kubaki juu ya maji, kilo 5 zamtosha mtu mmoja. Watu watatu kwa dumu moja, mradi walishike tu. Anayetaka kulipanda anawazamisha wenziwe.

MtuWaWete: La mafuta ya kula linateleza hilo.

Farumi: Pitisha kamba kwenye mkono wa dumu, uizungushe kwenye kifundo cha mkono wako. Na kagua mpira wa ndani ya kifuniko. Ukikosekana, dumu linakunywa maji kidogo kidogo, na halifiki asubuhi.