Mgonjwa wa presha anasema dawa anameza, lakini presha haishuki. Nianzie wapi?

mhudumu_wa_mtaa:
Wakuu, habari za leo. Swali hili ni la sisi wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mgonjwa ameandikiwa amlodipini 10 mg na haidroklorothiazidi 25 mg, kimoja kimoja kila siku. Siku ya kliniki daftari linasoma 136/84. Wiki mbili baadaye nyumbani mashine inasoma 168/100. Ukimuuliza kama anameza dawa, jibu ni "nameza, mwanangu". Nitajuaje kama dawa haitoshi au haimezwi? Na dozi ikimpita, aifidie?

mfamasia_pwani:
Mkuu, swali la "unameza dawa?" lina jibu moja tu la adabu, ndiyo maana unapewa hilo hilo kila siku. Mtu mzima hatajishtaki mbele ya kijana. Uliza hivi: "Mama, dawa za kila siku huwapita watu wengi. Wiki hii zimekupita siku ngapi?" Hapo umeshamwondolea aibu, naye atakutajia idadi.

Kisha omba kuona vidonge vyenyewe, mhesabu pamoja. Tuseme alipewa 60 tarehe 1 akaanza siku hiyo hiyo, kimoja kila asubuhi. Tarehe 21 mchana vinatakiwa kubaki 39. Ukikuta 51, amemeza 9 kati ya 21, chini ya nusu. Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 80, yaani angalau siku 24 katika 30. Ila hesabu hudanganya pale mabaki ya mwezi uliopita yanapochanganywa na mapya, au jirani anapoazimwa vidonge. Vikipungua kuliko inavyotakiwa, uliza pia: wapo wanaomeza viwili siku kichwa kinapouma.

Hiyo tofauti ya 136 na 168 inafanana sana na dawa ya kuamkia kliniki. Amlodipini haitoki mwilini haraka. Huchukua saa 30 hadi 50 kupungua nusu. Mtu akiimeza siku nne tano za mwisho, presha hushuka kiasi cha kumridhisha daktari, kisha anapumzika mpaka tarehe ijayo. Hatari nyingine ni kliniki kumkuta juu siku asiyojiandaa, akaongezewa dawa ya tatu juu ya mbili asizomeza. Siku akizimeza zote pamoja, ataanguka kwa kizunguzungu. Kwa hiyo vidonge vihesabiwe kwanza, dozi iongezwe baadaye.

Kabla ya yote hayo hakikisha 168 ni ya kweli. Akae dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu isipishane, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo. Nusu saa kabla asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara. Pima mara mbili, dakika moja katikati. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huongeza namba, na kosa hili nadhani ndilo linalosahaulika kuliko yote.

Dozi ikimpita: akikumbuka siku hiyo hiyo, ameze. Akikumbuka kesho yake wakati wa dozi nyingine umefika, ameze hiyo ya siku hiyo tu, iliyopita aiache. Asimeze mbili pamoja.

nesi_kliniki_ya_presha:
Nakubaliana na mfamasia. Naongeza: ukishajua kwamba hazimezwi, usikimbilie kumwambia "zingatia dawa". Tafuta kidonge kipi kinarukwa, maana mara nyingi ni kimoja, na kina sababu yake.

Haidroklorothiazidi inakojoza. Mama wa gengeni asiye na choo karibu, au mtu anayesafiri na basi asubuhi, ataiacha, na hana kosa. Aimeze akirudi nyumbani mchana, hata saa tisa. Usiku ndiyo isimezwe, itamkosesha usingizi. Kwa dawa nyingine za mara moja kwa siku, saa si jambo kubwa: utafiti wa TIME wa Uingereza, uliochapishwa 2022 baada ya kufuatilia watu zaidi ya 21,000, haukukuta tofauti ya mshtuko wa moyo, kiharusi wala vifo vitokanavyo na hayo kati ya wanaomeza asubuhi na wanaomeza jioni. Chagua saa asiyoisahau, kama anapopiga mswaki au baada ya chakula cha jioni.

Amlodipini 10 mg huvimbisha vifundo vya miguu, mgonjwa hudhani figo zimeharibika, anaiacha. Kinachotokea ni kwamba mishipa midogo imetanuka na maji yanavuja chini ya ngozi. Dawa ya kukojoza haisaidii sana hapo. Mrudishe kliniki, mara nyingi hushushwa hadi 5 mg na kuongezewa dawa nyingine ya presha, losartani. Ila mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, au akikosa pumzi anapolala, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wanaomeza enalaprili au lisinoprili, nazo ni dawa za presha, wakikohoa kikohozi kikavu kisichoisha, wabadilishiwe. Midomo au uso ukivimba, waache dawa hiyo na wakimbizwe hospitali. Atenololi isikatwe ghafla. Moyo huenda mbio, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata mshtuko. Nifedipini ya kutoka polepole isisagwe wala kutafunwa, kwa sababu dawa yote humwagika mara moja na presha kuporomoka.

Uliza pia dawa za mgongo na magoti. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha na kudhoofisha dawa zake, hata kwa mtu asiyekosa dozi hata moja.

mhudumu_wa_mtaa:
Ahsanteni sana. Mawili yamebaki: wanaofunga Ramadhani, na wanaoishiwa dawa kabla ya tarehe.

mfamasia_pwani:
Anayefunga aombe dawa za mara moja kwa siku wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili presha yake ionekane imetulia. Kaptoprili ya mara tatu haiwezekani kwenye saumu. Dawa ya kukojoza, mwezi huo, aimeze mara tu baada ya kufuturu, si wakati wa daku, asije akashinda na kiu.

Kuhusu kuishiwa: kwenye kalenda zungushia tarehe ya siku 7 kabla ya kidonge cha mwisho. Hiyo ndiyo ya kutafuta dawa. Pesa zikiwa pungufu, asigawe dozi kimya kimya wala asichague mwenyewe cha kuacha. Aseme kliniki, kwa sababu kuna dawa za bei nafuu zinazofanya kazi hiyo hiyo, na akipewa za miezi mitatu anaokoa nauli mbili.

nesi_kliniki_ya_presha:
Na ukikuta 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au kushindwa kusema, usihesabu vidonge wala usimmezeshe vya ziada. Tafuta usafiri.