MREJESHO: Niliyeomba ushauri wa kupata muda wa kupumzika

Wakuu, habari za jioni. Niliwaeleza kwamba nauza vitenge Kariakoo, nakaa Gongo la Mboto, natoka alfajiri narudi usiku, na wateja wananipigia hadi saa sita usiku. Usingizi ulikuwa umenikimbia kabisa.

Asanteni sana kwa kunijibu. Kilichosaidia kuliko vyote ni simu. Dada uliyesema saa tatu usiku niiache sebuleni kwenye chaji, Mungu akubariki! Niliweka status WhatsApp: "Oda mwisho saa 3 usiku." Wateja wameelewa, wanaagiza asubuhi. Sasa nalala mapema, na kichwa hakiniumi kama zamani.

Kahawa ya kijiweni nayo sasa nainywa asubuhi tu. Mdau mmoja alifafanua kwamba masaa matano baada ya kunywa, karibu nusu ya kafeini inaweza kuwa bado mwilini. Kashata sijaacha.

Ushauri wa kusinzia dukani mchana umeshindikana. Vipaza sauti, mikokoteni, "piga bei, piga bei", nani atalala pale?

Jumapili ya kupumzika nimepata nusu tu. Vikao vya harusi na misiba havikwepeki, na ni watu wangu. Ikipatikana nafasi, tunavuka na pantoni kwenda Kigamboni, watoto wanacheza mchangani, mimi nakaa tu. Kisiwa cha Mbudya mlichonishauri bado sijafika, nauli ya boti kwa familia nzima sijaimudu.

Mwenye hali kama yangu aanze na simu.